Mwanya wa Kuazima

Fundi Meno hakujua sura za watu, alijua vinywa. Kwa miaka kumi na tisa alifanya kazi katika chumba cha nyuma cha kliniki moja ya meno, chumba ambacho zamani kilikuwa stoo ya ndoo na mafagio. Wagonjwa waliokaa mbele kwenye kiti cha daktari hawakuwahi kumwona, wala yeye hakuwahi kuwaona. Kilichomfikia ni umbo la kinywa lililomiminwa kwa plasta nyeupe, pamoja na kadi. Kwenye kadi daktari aliandika namba, mwanamke au mwanamume, umri, na meno yanayotakiwa. Jina halikuandikwa, kwa sababu fundi aliyemtangulia alikuwa na tabia ya kukaa kijiweni na kuwatajia watu nani na nani wanacheka kwa meno ya bandia. Siku moja alimtaja mama mkwe wa daktari, na kibarua chake kikaota nyasi kabla ya jua kuzama.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kuinama. Fundi aliyeyusha nta, akapanga jino moja moja juu ya ufizi wa plasta, akachonga, akasugua kwa tupa ndogo, akapuliza vumbi, akachonga tena. Alikuwa na ujanja wake mmoja. Meno yakinyooka yote kama askari gwarideni, hata mtoto anajua ni ya dukani. Kwa hiyo chonge la kushoto aliligeuza kidogo kuelekea ndani, kila seti, kila mtu, na hakuna aliyewahi kulalamika. Yeye mwenyewe, akiwa na miaka hamsini na mitano, alikuwa na mapengo matatu upande wa juu, moja hapo hapo mbele. Daktari alipomuuliza lini atajitengenezea, alijibu, "Wiki ijayo," na wiki ijayo hiyo ilikuwa na miaka sita. Alipocheka aliziba mdomo kwa kiganja. Baadaye akaacha kucheka, maana ilikuwa rahisi kuliko kuinua mkono.

Mkewe alikuwa mhudumu katika wodi ya wazee. Kazi yake ilikuwa kuwageuza wasioweza kujigeuza, kuwaosha, kuwabadilishia shuka, na kusikiliza hadithi ile ile mara nne kwa siku huku akijifanya ndiyo kwanza anaisikia. Jioni wawili hao walirudi nyumbani kila mmoja na mgongo wake. "Umekula?" mmoja angeuliza. "Nimekula," angejibu mwingine, na hapo mazungumzo yamekwisha. Usidhani walichukiana. Walikuwa wamechoka tu, uchovu ule ambao hata ukilala mpaka saa nne asubuhi unaamka nao.

Watoto wao wakubwa wawili, wote wa kiume, walikuwa wamehamia mbali na kusalimia kwa simu walipokumbuka. Aliyebaki nyumbani ni kitinda mimba, binti wa miaka ishirini na saba, anayefanya kazi katika duka la kutolea kopi. Fundi alimwita "mama", kama akina baba wengi wanavyowaita mabinti zao. Hakuwahi kumwambia mtu, lakini moyoni alikuwa amekwisha kuamua kwamba huyu ndiye atakayekuwa karibu nao uzeeni. Hata akiolewa, ataolewa mtaa wa pili, na siku yeye Fundi akiwa wa kulala tu, mikono ya kumgeuza itakuwa ya huyu.

Jumamosi moja mchana, binti na mama yake walikuwa wakikunja shuka sebuleni, kila mmoja ameshika ncha mbili. Fundi alikuwa kochini, amejinyoosha.

"Nina mtu," binti alisema. "Anataka kuja kujitambulisha."

"Mtu gani?" mama aliuliza.

"Mpima viwanja. Huja dukani kutoa kopi za ramani zake."

"Ana umri gani?"

Hilo lilikuwa swali la kujibiwa chapuchapu, na binti hakulijibu chapuchapu.

"Hamsini na moja."

Mama aliachia ncha zake, shuka ikaanguka sakafuni ambako kulikuwa kumetoka kufagiliwa, afadhali. "Hamsini na moja! Mke wake yuko wapi?"

"Alifiwa. Mwaka wa nne huu."

"Watoto?"

"Wawili. Wakubwa."

"Wakubwa kiasi gani?"

"Wa kwanza ana thelathini na mbili."

"Kwa hiyo mtu aliyekuzidi miaka mitano atakuita mama. Utamnunulia pipi akilia?"

Binti alicheka. Mama hakucheka hata kidogo. Aliokota shuka, akaikung'uta kwa hasira.

"Nisikilize," alisema. "Mimi kuwageuza wazee ni kazi yangu. Saa zangu zikiisha navua gauni la kazi, natundika msumarini, naondoka. Wewe utavua nini? Leo anakupeleka matembezi, keshokutwa unampeleka chooni. Miaka ishirini inapita hivi hivi, mimi naiona wodini kila siku ilivyopita. Baba watoto, sema kitu!"

Fundi alikuwa anapiga hesabu. Hamsini na moja kwake ilikuwa miaka minne pungufu. Mtu huyo ni mdogo wake, basi. Haikuwa habari ya kupigia vigelegele, ila ingemezeka.

"Tumwone kwanza," alisema.

"Wewe kila kitu tumwone kwanza. Hata mwizi akivunja dirisha utasema tumwone kwanza."

Wakamwona Jumapili iliyofuata, saa tisa alasiri. Mpima viwanja alikuwa mrefu, kifua mbele, viatu vimepigwa rangi mpaka kwenye nyuzi. Alipofunguliwa mlango aliinamisha kichwa. "Shikamoo, baba," alimwambia Fundi.

"Marahaba," Fundi aliitikia, na shingo ikanyooka yenyewe.

Mama alikuwa ameapa kutokaa. Alikuwa amemwambia mumewe atampa mgeni maji, glasi moja, bila ubaridi, kisha ataingia jikoni na kubaki huko mpaka mtu aondoke. Aliweka glasi mezani, akashika ncha ya kiti, akainuka polepole.

"Mama, mgongo unakusumbua?" mpima aliuliza. "Naona umeshika kiti kwanza ndipo ukainuka. Ni upande huu wa chini, au unapanda?"

Mama alimtazama. Swali hilo hakuwa ameulizwa na mtu kwa muda mrefu, na mtu wa mwisho kumuuliza alikuwa mgonjwa ambaye hata hakukumbuka kwamba ameuliza. "Unapanda," alisema, na akakaa.

Basi mgeni akapiga soga. Aliwasimulia kuhusu ndugu wawili waliogombania kipande cha ardhi mpaka wakaamua, wenyewe kwa wenyewe, kwamba mpaka utakuwa pale anapolala mbuzi. Mbuzi naye kila siku alilala popote apendapo, na kila asubuhi ndugu hao walihamisha uzio. "Nilipofika na vipimo vyangu," alisema, "wakaniambia, bwana mpimaji, tusubiri kwanza mbuzi alale." Hapo akacheka, kichwa nyuma, mdomo wazi.

Fundi aliyaona meno.

Aliuona mwanya katikati, mpana kwa juu na mwembamba kwa chini, kwa sababu jino la kulia lilikuwa limeliegemea la kushoto kidogo sana. Akaliona chonge la kushoto limegeukia ndani. Mwaka mmoja nyuma alikuwa amepokea kadi asiyoweza kuisahau: *Mwanamume, 62. Meno yote ya juu. Mgonjwa alikuwa na mwanya ujanani, anaomba arudishiwe.* Katika miaka kumi na tisa, wenye mwanya wachache walikuwa wameomba uzibwe. Huyo alikuwa wa kwanza kuomba atengenezewe. Picha hakuwa nayo, na Fundi hakujua mwanya wa mtu huyo ulikuwaje. Ndipo alipoinua mkono kwenye rafu ya juu na kushusha kinywa cha plasta cha mkewe.

Kinywa hicho kilikuwa cha zamani za uchumba. Vijana wengine waliwapeleka wachumba wao studio kupiga picha. Yeye, mwanafunzi wa kazi asiye na kitu, alimwomba mchumba wake ang'ate nta, akamimina plasta, akabaki na kumbukumbu. Mwanya ule ndio uliomtia wazimu enzi hizo, na ndio aliourithi binti yao. Kwa siku tatu aliunakili kwenye meno ya mtu asiyemjua, akiinama mpaka shingo ikamuuma, na kazi ilipokwisha alijua hajawahi kutengeneza kitu kizuri kama hicho. Hakuwa na wa kumwonyesha.

"Mimi nilianza kumwona kwa mwanya," binti alikuwa akimwambia mama yake. "Nikaona kama mtu wa kwetu."

Na mama, ambaye midomo yake ilikuwa imezoea kufungwa tu, alitabasamu. Alimtabasamia mgeni, mwanya wake ukaonekana, wawili hao wakatazamana mwanya kwa mwanya. Fundi alishika glasi yake ya maji kwa mikono yote miwili.

Mgeni alipoondoka, mama alikusanya glasi akiimba chinichini. "Kusema kweli hamsini na moja si uzee," alisema. "Wapo wa hamsini na moja wanacheza mpira. Na yule ni mtu anayesikiliza, tena ana mwanya mzuri. Wewe lini mara ya mwisho uliniuliza habari za mgongo wangu?"

Fundi hakukumbuka.

Jumatatu asubuhi alifukua kadi za mwaka uliopita, ingawa hakuhitaji. Ilikuwa pale pale, sitini na mbili, na mwaka ulikuwa umeshapita. Sitini na tatu. Mtu huyo alimzidi miaka minane. Alikuwa amemwamkia Fundi kwenye mlango wake mwenyewe, na Fundi akampa marahaba, shingo juu, mtu ambaye tayari alikuwa anajua kusoma na kuandika siku Fundi alipozaliwa. Aibu ilimpanda mpaka masikioni ingawa chumbani alikuwa peke yake na vinywa vya watu.

Kusema hakuweza. Kinywa cha mgonjwa ni siri, daktari alimkumbusha kila mwaka, na habari ya kibarua kuota nyasi Fundi hakuwa ameisahau. Kwa hiyo alifanya kitu kibaya zaidi: alikataa bila sababu.

"Huyu mtu simtaki," alimwambia mkewe jioni hiyo.

"Sababu?"

"Simtaki tu."

"Jumamosi ile nilipokuwa nawaka moto wewe ulikuwa unanimwagia maji. Leo mimi nimetulia, wewe unawaka. Tukuelewe vipi?"

"Simtaki."

"Umechoka," mkewe alisema. "Umechoka hata kufikiri." Akampa kisogo, na wiki hiyo hata lile swali la kula halikuulizwa. Binti naye alipita sebuleni bila neno, akanywa chai amesimama, akaenda zake kazini. Jumapili mpima angerudi kuchukua jibu. Fundi alikuwa na jibu, lakini asiyekuwa na sababu hana jibu la kumzuia mtu mlangoni, na hilo alilijua vizuri.

Ufumbuzi ulimjia Alhamisi, kwa makosa. Mtu aliyeleta mifuko ya plasta alikuwa mgeni kazini, kichwa kimejaa mvi. Fundi, ameinama juu ya tupa, aliinua macho akaona mvi tu.

"Shikamoo," alisema.

Mtu yule aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Ah, ah, mzee! Usinichulie! Mimi mdogo wako kabisa, hizi mvi ni za ukoo. Shikamoo wewe!"

Wakacheka, Fundi kiganja mdomoni. Lakini mtu alipoondoka, alibaki ameshika tupa hewani. Kumbe ndivyo. Mdogo wako ukimwamkia ataruka. Mkubwa wako ukimwamkia ataitikia, tena ataitikia kabla hajafikiri, kwa sababu ameamkiwa tangu asubuhi na kila kijana aliyepishana naye. Na kumwamkia mtu hakujawahi kuwa kutoa siri ya mtu.

Jumapili, saa tisa, hodi ikabishwa mlangoni. Mama alikuwa jikoni anapanga vikombe kwenye sinia. Binti alikuwa amesimama kando ya kochi, mikono nyuma. Fundi alifungua mlango. Mpima alivuta pumzi aanze kuinamisha kichwa, na Fundi akamuwahi.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba," mpima aliitikia. "Hamjambo?"

Ilitoka laini, imekomaa, marahaba ya mtu aliyeizoea. Kisha akasikia alichokisema. Mkono wake ukabaki kwenye fremu ya mlango.

Jikoni vikombe vilinyamaza. Mama akatokea na sinia. "Nani kamwamkia nani?" aliuliza.

Fundi alikuwa ametegemea kufurahi. Kwa siku tatu alikuwa ameuandaa mtego huu, na ulipofyatuka hakuona ushindi wowote. Aliona mtu mzima amesimama mlangoni kwake uso umemshuka, na binti yake ameinamisha kichwa. Alitamani kwenda kulala.

"Sitini na tatu," mpima alisema, bado amesimama. "Sikuutaka uongo ule. Lakini niliukuta umekwisha kusemwa, nikaunyamazia, nikanufaika nao. Kwa hiyo na mimi ni wangu."

"Ni wangu mimi," binti alisema. "Yeye alitaka niseme ukweli tangu mwanzo. Mama aliniuliza ghafla, na hamsini na moja ni namba ya nyumba yake. Ndiyo iliyonijia mdomoni."

Mama aliweka sinia mezani kwa uangalifu mkubwa, kwa namna ya mtu anayejizuia kuirusha. "Sitini na tatu," alisema. "Kitanda cha nne pale wodini ana sitini na nne."

"Ingia, kaka," Fundi alisema. "Usisimame mlangoni." Wakakaa. Akamgeukia binti yake. "Nieleze, mama. Vijana wote waliojaa mji huu. Kwa nini huyu?"

Binti alipojibu, hakumtazama baba yake. Alitazama mikono yake mwenyewe.

"Anacheka, baba. Nikiondoka hapa asubuhi mmechoka, nikirudi jioni mmechoka. Siwalaumu, najua mmechoka kwa ajili yetu. Lakini nyumba hii hakuna anayecheka. Nilitaka kukaa mahali ambapo kuna mtu anacheka."

Maneno hayo yalimchoma Fundi mahali ambapo hakuwa na ngozi ya kujikinga, kwa sababu yalikuwa kweli, na yalisemwa bila ubaya. Mpima alionekana ameona haya kwa niaba ya wote.

"Kama leo ni siku ya kusema yote," alisema, "basi niseme na hili. Hata hayo meno ninayochekea si yangu."

"Najua," Fundi alisema. "Ni yangu."

Walimtazama wote watatu.

"Nimeyatengeneza mimi, mwaka jana. Pima kwa ulimi, chonge la kushoto limegeukia ndani. Hiyo ni alama yangu."

Ulimi wa mpima ulitembea chini ya shavu, ukafika, ukasimama. "Ndiye wewe!" alisema. "Nilimwambia daktari anipeleke nimshukuru fundi. Akaniambia fundi haonekani."

"Ngoja," mama alisema. Alikuwa amesogea mpaka mbele ya mgeni na kuinama, mkono kiunoni, akimchungulia mdomoni kama anavyowachungulia wagonjwa wake kuona kama wamemeza kidonge. "Na mwanya? Mwanya huu umeutoa wapi?"

Fundi alikohoa. "Kwako."

"Kwangu wapi?"

"Kile kinywa chako cha plasta. Sikuwa na mfano mwingine."

"Bado unacho? Tangu enzi zile?"

"Kipo rafu ya juu. Nakifuta vumbi."

Mama alinyooka. Alimtazama mumewe kwa muda, kisha akamtazama mgeni, kisha tena mumewe. "Yaani wiki nzima," alisema, "nimekuwa nikimsifia mtu mwanya, kumbe najisifia mwenyewe?" Na akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika meza, akamwambukiza binti, binti akamwambukiza mpima, na Fundi akainua kiganja kuziba pengo lake kama kawaida. Alichelewa. Kicheko kilikuwa kimeshatoka, na binti alikuwa anamtazama mdomoni kama mtu anayemwona mzazi wake baada ya safari.

Halafu kicheko kikaisha. Mama alijifuta macho kwa ncha ya kitenge, akavuta kiti, akakaa mbele ya mpima, na sauti yake ikawa ile ya wodini.

"Presha?"

"Ninayo. Natumia dawa."

"Sukari?"

"Hapana."

"Usiku unaamka mara ngapi?"

"Mara mbili. Tatu, nikinywa chai."

"Magoti?"

"La kushoto."

Mama alitikisa kichwa polepole. Hakuwa na hasira tena, na hilo lilimuuma Fundi kuliko hasira, kwa sababu alimjua mkewe: akiacha kugomba, ameshaona kazi iliyo mbele na anatafuta pa kuanzia. Akamwangalia mumewe. Jibu lilikuwa la baba kulitoa.

Fundi alitaka kusema hapana. Alikuwa nayo, ilikuwa kwenye ulimi, na sasa ilikuwa na sababu zote ambazo mtu anaweza kuzihitaji. Lakini hapana hiyo ingemrudisha binti yake wapi? Ingemrudisha hapa, sebuleni, kwenye "umekula" na "nimekula". Aliitazama nyumba yake, na hakuona cha kumpa binti badala ya kicheko kile.

"Uje kliniki mwezi ujao, kaka," alisema. "Ufizi wako umesinyaa. Nimeyasikia meno yakicheza ulipoitikia. Ufizi hupungua kila mwaka, ndivyo ulivyo, lazima nikurekebishie mara kwa mara." Akamtazama binti yake. "Mambo mengine ya kifamilia, mtakuja na wazee wenu tuyazungumze."

Mpima alifunika uso kwa mikono yake mikubwa. Alipoifunua alisema, "Ahsante, baba," na hakuna aliyecheka.

Alipokwisha kuondoka, jua bado likiwa dirishani, mama aliwaita wote wawili kwenye chumba cha binti. Alikuwa ametandua kitanda, akabakiza shuka moja, imekunjwa katikati.

"Lala hapo," alimwambia mumewe.

"Mimi?"

"Unamwona mwingine? Lala. Jilegeze. Wewe huwezi kitu, umepooza."

Fundi alivua viatu, akalala chali. Hakuhitaji kujifanya, mwili ulilegea wenyewe mara tu ulipogusa godoro. Mama alimvuta binti kando ya kitanda.

"Kwa kuwa umechagua," alisema, "utajifunza vizuri. Sitaki uje kushika viti kabla ya kuinuka kama mimi. Mkono wake wa mbali, ulete kifuani. Goti la mbali, likunje. Wewe usiiname kiuno, kunja magoti yako. Mkono mmoja begani, mwingine nyongani. Hapo. Unamvuta kuelekea kwako, kwa uzito wa mwili wako, si kwa mgongo."

"Mzito, mama."

"Huyu mwepesi. Ngoja uone mtu asiyekusaidia."

Binti alishika tena. Mikono yake ilikuwa ya moto, na ilikuwa imeshika sawasawa tangu mara ya kwanza. Ana mkono mzuri, Fundi aliwaza, mkono wa fundi. Hiyo ndiyo mikono aliyokuwa amejiwekea akiba bila kumwambia mwenyewe. Ilikuwa imefika sasa, mapema, akiwa mzima wa afya, na ilikuwa inajifunzia kwake tu. Machozi yalimjia, akayaacha yateremke kuelekea masikioni kwa sababu mtu aliyepooza hafuti machozi.

"Na kabla hujamgeuza, mwambie," mama alisema. "Usimgeuze mtu kimya kimya kama gunia. Mtu lazima ajue anageuzwa."

"Baba," binti alisema, "nakugeuza."

"Nigeuze, mama," Fundi alisema.